UZI MAALUMU: Vigawo, vigawe na namba tasa. Uendelee kugawa hadi wapi?

#1 Heru_Juu (Kasulu)

Mwakeye wakuu. Uzi huu ni wa walimu, wazazi wanaosimamia kazi za nyumbani na vijana wa la tano mpaka kidato cha pili. Wenye utaalamu karibuni mwongeze, mpinge, msahihishe.

Kugawanya watoto wanajua. Kinachowashinda ni mahali pa kusimama. Mwambie mtoto aorodheshe vigawo vya 84 (namba zinazoigawa bila baki), ataandika 2, 42, 4, 7, 21, anaruka huku na kule, mwisho vinakosekana viwili na hana namna ya kugundua. Mwambie apime kama 113 ni namba tasa (yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe), atagawa kwa 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8 mpaka achoke, kisha ataandika "ndiyo" kwa sababu amechoka.

Dawa ni moja kwa maswali yote mawili: vigawo huja jozi jozi. 3 ikigawa 84, basi na 28 inagawa, kwa kuwa 3 × 28 = 84. Kwa hiyo anzia 1, panda moja moja, na kila ukipata kigawo andika na mwenzake hapo hapo:

1 × 84
2 × 42
3 × 28
4 × 21
(5 haigawi)
6 × 14
7 × 12
(8 haigawi, 9 haigawi)

Simama. Kwa nini 9? Kwa sababu 9 × 9 = 81 na 10 × 10 = 100, tayari imepita 84. Kama kungekuwa na kigawo cha 10 au zaidi ambacho hujakiandika, mwenzake angekuwa chini ya 10, na hao wote umeshawapima. Sasa soma safu ya kushoto kushuka, halafu ya kulia kupanda: 1, 2, 3, 4, 6, 7, 12, 14, 21, 28, 42, 84. Vigawo 12, hakuna kilichobaki nje.

Namba kama 36 jozi ya mwisho ni 6 × 6, andika 6 mara moja tu. Ndiyo maana 36 ina vigawo 9, hesabu ya witiri. Namba yoyote yenye kipeuo cha pili kamili huwa hivyo, na isiyo nacho vigawo vyake ni idadi ya shufwa siku zote. Mwanafunzi akikuletea vigawo 7 vya 48, usihangaike kumkagua kimoja kimoja: ameacha au ameongeza.

Vigawe havina shida nyingi. Vigawe vya 7 ni 7, 14, 21, 28 na kuendelea bila mwisho. Kigawo hakizidi namba yenyewe. Kigawe (ukiacha 0) hakipungui namba yenyewe. Na 0 ni kigawe cha kila namba, ila tukitafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani kidogo kabisa cha pamoja) tunaiweka pembeni, vinginevyo jibu la kila swali lingekuwa 0.

#2 Mama_Wawili (Urambo)

Shikamoo mwalimu. Naomba ufafanue la namba tasa. Kwa 91 nimegawa kwa 2, 3 na 5, zote zina baki. Je, naweza kuandika ni tasa?

#3 Heru_Juu (Kasulu)

Marahaba mama. Hapana, umesimama hatua moja kabla. 91 = 7 × 13. Hiyo ndiyo namba inayokamata watu wengi kuliko zote chini ya 100. Ukishaondoa zinazogawanyika kwa 2, 3 na 5, zisizo tasa zinazobaki chini ya 100 ni tatu tu: 49, 77 na 91. Mbili za kwanza zimo kwenye jedwali la kuzidisha ambalo kila mtoto amekariri. 91 haimo, kwa sababu majedwali mengi yanaishia mara 12.

Kanuni: gawa kwa namba tasa tu, kuanzia 2, mpaka ufike kwenye namba tasa ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe inapita namba unayopima. Hiyo hugawi kwayo, unasimama. Kwa 91: 2, 3, 5, 7. Inayofuata ni 11, na 11 × 11 = 121, imepita. Kwa hiyo 7 ndiyo ya mwisho kupimwa, na ndiyo iliyokutoroka.

Kwa nini tasa tu? Kama 2 haigawi, basi 4, 6, 8, 10 haziwezi kugawa. Kupima 6 baada ya 2 na 3 ni kupoteza wino.

#4 Isevya_Hesabu (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Niongezee hapo kwa mwalimu, maana watu wanahitaji mipaka iliyo tayari, waibandike ukutani:

Namba chini ya 121: pima 2, 3, 5, 7.
Chini ya 169: ongeza 11.
Chini ya 289: ongeza 13.
Chini ya 361: ongeza 17.
Chini ya 529: ongeza 19.
Chini ya 841: ongeza 23.
Chini ya 961: ongeza 29.
Chini ya 1,369: ongeza 31.

Maana yake namba yoyote ya tarakimu tatu unaimaliza kwa kugawa mara 11 tu, tena 2, 3, 5 na 11 huzigawi, unaangalia kwa macho. Zinazobaki za kugawa kweli ni saba.

Mitego ya kukariri, ya 7 na 13: 119 (7 × 17), 133 (7 × 19), 161 (7 × 23), 203 (7 × 29), 217 (7 × 31), 221 (13 × 17), 247 (13 × 19), 259 (7 × 37), 287 (7 × 41), 299 (13 × 23). Watunga mitihani wanaipenda sana hiyo orodha. Na 51, 57 na 87 zinaonekana tasa kwa macho tu. Jumlisha tarakimu zake, 3 inajitokeza yenyewe.

#5 Kibirizi55 (Kigoma)

Kwenye "unaangalia kwa macho" wengi wanakariri kanuni bila sababu, kisha wanazichanganya. Nieleze sababu kidogo, kwa sababu ukiijua huhitaji kukariri.

2, 5 na 10: tarakimu ya mwisho, hakuna la kusema. 4: tarakimu mbili za mwisho, kwa sababu 100 inagawanyika kwa 4 na mamia yote yaliyo kushoto hayana athari. 8: tatu za mwisho, kwa sababu 1,000 inagawanyika kwa 8. Kosa la kawaida ni kutumia mbili za mwisho kwa 8. 116 inaishia na 16, lakini 116 ÷ 8 inabakiza 4.

3 na 9: 10 ni 9 + 1, 100 ni 99 + 1, 1,000 ni 999 + 1. Ukiondoa hizo tisa tisa zote, kilichobaki ni jumla ya tarakimu. 7,254: 7 + 2 + 5 + 4 = 18, inagawanyika kwa 9. Uzuri wake ni kwamba jumla hiyo inakupa hata baki. 1,913: jumla 14, kwa hiyo ukigawa 1,913 kwa 9 baki ni 5.

6: lazima ipite 2 na pia 3. Hapa kuna mtu atajifanya mjanja aseme "12: ipite 2 na 6". Hapana. 18 inapita 2 na 6, na 12 haiigawi 18. Unapovunja kipimo, vipande visiwe na kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Kwa 12 tumia 3 na 4, kwa 15 tumia 3 na 5, kwa 24 tumia 3 na 8.

11: toa na jumlisha kwa kupokezana kuanzia kulia. 8,294: 4 − 9 + 2 − 8 = −11. Inagawanyika. 0, 11, −11, 22, zote ni sawa. Wanafunzi wakiona hasi wanadhani wamekosea.

#6 Mama_Wawili (Urambo)

Na 7 je? Mtoto ameniambia kuna kanuni ya kuzidisha tarakimu ya mwisho kwa 2 halafu unatoa.

#7 Kibirizi55 (Kigoma)

Ipo, mama. Chukua 1,302. Kata tarakimu ya mwisho: 130 na 2. 130 − 4 = 126. Rudia: 12 − 12 = 0. Inagawanyika, ni 7 × 186. Sababu yake: ukiita sehemu ya mbele a na tarakimu ya mwisho b, namba ni 10a + b, ambayo ni 10(a − 2b) + 21b. 21 inagawanyika kwa 7, kwa hiyo kila kitu kinategemea a − 2b.

Tahadhari: kanuni hii inajibu ndiyo au hapana tu. Haikupi baki. 100 kwa kanuni inatoa 10, ambayo ina baki 3 kwa 7, lakini 100 ÷ 7 baki yake ni 2.

#8 Kalunde (Tabora)

Mkuu Kibirizi, kanuni ni sahihi lakini kwa matumizi naipinga. Kwa namba za tarakimu tatu au nne ni polepole kuliko kupunguza vigawe unavyovijua. 1,913 kwa 7: ondoa 1,400, zimebaki 513. Ondoa 490, zimebaki 23. 23 si kigawe cha 7, basi. Njia hiyo hiyo inafanya kazi kwa 13, 17, 19, 23, na yoyote ile, huhitaji kanuni mpya kwa kila namba tasa. Na inakupa baki ya kweli.

Unaweza hata kuongeza badala ya kutoa, ili kupata sifuri mwishoni. 1,913 kwa 17: ongeza 17, inakuwa 1,930. Tupa sifuri (10 haina kigawo cha pamoja na 17): 193. 193 − 170 = 23. Haigawanyiki. Ila ukishatupa sifuri baki nayo imepotea, ubaki na ndiyo au hapana tu.

Kwa namba ndefu ndiyo kuna njia inayostahili kujifunza: 7 × 11 × 13 = 1,001. Gawa namba katika mafungu ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na jumlisha kwa kupokezana. 6,131,125: 125 − 131 + 6 = 0. Inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13 kwa mkupuo mmoja. Ikitoka namba nyingine ndogo, pima hiyo badala ya ile kubwa, na baki zinabaki zile zile. Ikiwa hasi, ongeza 1,001 kwanza.

#9 Uvinza_Chumvi (Uvinza)

Jamani 1,913 imefanya nini mbona kila mtu anaipiga 😂

#10 Kalunde (Tabora)

Ni mwaka ambao meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kabla ya kufunguliwa vipande na kuletwa Kigoma. 1,913 ni namba tasa: ipime mpaka 43, kwa sababu 47 × 47 = 2,209. Meli ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Sasa nipimieni 1,927 bila kikokotoo.

#11 Isevya_Hesabu (Tabora)

Hiyo umechagua kwa makusudi. Mtu akigawa kwa mpangilio atapita 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, zote zina baki, na hapo wengi wanaandika "tasa" na kufunga daftari. Inabaki 41, na 41 × 47 = 1,927. Kugawa mara kumi na mbili bila kupata kitu hakuthibitishi chochote kama mpaka ni 43 na hujaufikia.

Lakini kuna njia inayoimaliza kwa hatua moja, ya Fermat wa Ufaransa. Tafuta kipeuo cha pili na panda mpaka namba kamili inayofuata. Kipeuo cha 1,927 ni 43 na ushee, kwa hiyo anza na 44. 44 × 44 = 1,936. Toa 1,927: inabaki 9, ambayo ni 3 × 3. Basi vigawo ni 44 − 3 na 44 + 3, yaani 41 na 47. Kama tofauti isingekuwa mraba kamili, ungejaribu 45, 46 na kuendelea.

Ni nzuri pale vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiachana sana ni adhabu. 1,941 ni 3 × 647. Kwa njia hii ungeanzia 45 upande mpaka 325 ndipo upate jibu. Kwa hiyo ondoa namba tasa ndogo kwanza, hii iwe ya kumalizia.

#12 Heru_Juu (Kasulu)

Kama ni miaka ya kwetu, Ujiji pia imo. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji 1871, na Livingstone akafariki 1873. Zote mbili ni tasa, zimepishana kwa 2. Tena 1,877 na 1,879 nazo ni tasa: nne ndani ya nafasi ya namba tisa, na katikati yake 1,875 ambayo ni 3 × 5 × 5 × 5 × 5. Hakuna maana ya siri hapo, ni bahati ya kalenda, ila ni zoezi zuri. Zote nne mpaka wa kupima ni 43. Wape makundi manne darasani, kila kundi mwaka wake.

Nije kwenye chujio la Eratosthenes, yaani kuandika namba kwenye jedwali na kufuta vigawe mpaka zibaki tasa tu, kwa sababu darasani ndilo linaloanza na ndilo linaloharibiwa zaidi. (Eratosthenes alizaliwa Kirene, Libya ya leo, akasimamia maktaba ya Aleksandria, Misri.) Vitabu huchora 1 mpaka 100 kwa safu wima 10. Chora kwa safu wima 6. Mstari wa kwanza 1 mpaka 6, wa pili 7 mpaka 12, hivyo hivyo. Safu ya 2, ya 4 na ya 6 unazifuta kwa mstari mmoja wa rula ukiiacha 2. Safu ya 3 vilevile ukiiacha 3. Zinabaki safu mbili, ya 1 na ya 5. Vigawe vya 5 vinashuka mshazari upande mmoja, vya 7 mshazari upande wa pili.

Mambo yanayoharibika:

Mtoto anafuta 2, 3, 5 na 7 zenyewe. Mwambie azizungushie duara kabla ya kuanza kufuta.

Anasahau kufuta 1.

Anaanza kufuta vigawe vya 7 kutoka 14. Si kosa, ila 14, 21, 28, 35, 42 zilishafutwa. Anzia 49. Kwa kila namba tasa anzia pale inapojizidisha yenyewe.

Anahesabu nafasi vibaya kwenye 7, na akipishana kimoja tu, vyote vinavyofuata vinapishana. Mwachie vituo viwili vya kujikagua: 77 na 91 lazima ziwe zimefutwa.

Anaendelea na 11, 13, 17. Hakuna haja, 11 × 11 imepita 100.

Mwisho lazima zibaki 25. Zikiwa 24 au 26, kuna kosa, rudi. Ukipanua mpaka 1,000 zinabaki 168.

#13 Mwanafunzi_Nzega (Nzega)

Shikamooni. Kwa hiyo namba tasa zote ziko safu ya 1 na ya 5, yaani ni kigawe cha 6 ukitoa 1 au ukiongeza 1? Nikiona namba iko hivyo naandika tasa?

#14 Kibirizi55 (Kigoma)

Marahaba kijana. Nusu ya kwanza ni kweli kwa kila namba tasa iliyo zaidi ya 3. Nusu ya pili siyo. 25, 35, 49, 55, 65, 77, 85, 91, 95 zote ziko kwenye safu hizo na si tasa. Kukaa kwenye safu ya 1 au ya 5 maana yake ni kwamba 2 na 3 haziigawi, basi. 5, 7 na wenzao bado hujawauliza.

Jihadhari pia na fomula zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "zinatoa namba tasa tu". Ipo moja inayohusishwa na Euler, mwanahisabati wa Uswisi, n × n + n + 41: weka 0, 1, 2, mpaka 39, kila jibu ni tasa. Weka 40 unapata 1,681, na hiyo ni 41 × 41. Mara arobaini sawa, ya arobaini na moja imekosea.

#15 Mama_Wawili (Urambo)

Naomba mnisaidie na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS, hapo ndipo mtoto anachanganya kabisa. Na kwa nini 1 si tasa?

#16 Heru_Juu (Kasulu)

1 kwanza, kwa kifupi. Namba tasa ina vigawo viwili tofauti, 1 na yenyewe. 1 ina kimoja. Na kuna sababu ya kazi: kila namba zaidi ya 1 ina mgawanyo mmoja tu wa vigawo tasa. 12 ni 2 × 2 × 3, basi. Ukiiruhusu 1 iwe tasa, 12 ingekuwa pia 1 × 2 × 2 × 3, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3, bila mwisho, na kila hesabu inayotegemea mgawanyo huo ingevurugika.

KKS na KDS. Jiulize swali linakata au linakutanisha. Kukata, kugawa sawa, "kubwa kabisa": KKS. Kukutana tena, "kwa mara ya kwanza pamoja", "ndogo kabisa": KDS.

Mfano wa KKS. Kuna lita 140 za mawese na lita 220 za mawese ya daraja jingine, hayachanganywi, na kila chombo kijae kabisa. Chombo kikubwa kabisa kinachofaa yote mawili ni cha lita ngapi? 220 − 140 = 80. 140 − 80 = 60. 80 − 60 = 20. 60 inagawanyika kwa 20. KKS ni 20: dumu la kawaida la lita 20, madumu 7 na madumu 11.

Mfano wa KDS. Mashua moja inatoka mwalo wa Kibirizi kila siku 6, nyingine kila siku 8, na leo zimetoka pamoja. Wengi watazidisha, waandike 48. Vigawe vya 8: 8, 16, 24. 24 inagawanyika kwa 6. Jibu ni siku 24 baadaye. Leo ikiwa tarehe 1, ni tarehe 25, si 24; hapo napo wanapoteza alama.

Kosa kubwa ni la ngazi ya kugawa. Chukua 4, 6 na 10. Kwa KKS, namba unayogawia lazima igawe zote kwenye mstari: 2 inagawa zote, zinabaki 2, 3, 5, hakuna inayozigawa zote, simama. KKS ni 2. Kwa KDS unaendelea kugawa hata kama ni moja tu inayogawanyika, mpaka zote ziwe 1: 2, 2, 3, 5, zao lake 60. Mtoto anayechora ngazi moja na kuzidisha zote upande wa kushoto kwa maswali yote mawili ataandika KKS ni 60, kubwa kuliko 4 yenyewe. Akiona KKS imezidi namba ndogo kabisa kwenye swali, ajue amechora ngazi ya KDS.

#17 Kalunde (Tabora)

Ile ya kutoa aliyotumia mwalimu ni ya Euclid, Mgiriki wa kale, na kwa namba kubwa badala ya kutoa mara nyingi gawa uchukue baki. KKS ya 2,021 na 1,927: 2,021 − 1,927 = 94. 1,927 ÷ 94 inaingia mara 20, baki 47. 94 ÷ 47 haina baki. KKS ni 47. Hatukuhitaji kujua kwamba 2,021 ni 43 × 47. Kwa mti wa vigawo ungehangaika sana na hizo mbili.

Kisha KDS: zao la namba mbili gawa kwa KKS. Gawa kwanza ndipo uzidishe: 1,927 ÷ 47 = 41, halafu 41 × 2,021 = 82,861. Kanuni hiyo ni ya namba mbili tu. Kwa 4, 6 na 10 hapo juu, KKS 2 mara KDS 60 ni 120, wakati zao la zote tatu ni 240. Zikiwa tatu, tafuta KDS ya mbili, kisha ya jibu hilo na ya tatu.

#18 Isevya_Hesabu (Tabora)

Kidogo kuhusu kuhakiki idadi ya vigawo. Vunja namba kuwa vigawo tasa, chukua kila kipeo (idadi ya mara kigawo tasa kimejirudia) ongeza 1, zidisha. Mwaka 1960, Jane Goodall alipofika Gombe: 1,960 = 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 7. Vipeo ni 3, 1 na 2. (3 + 1)(1 + 1)(2 + 1) = 24. Ukiorodhesha kwa jozi kama #1, lazima upate jozi 12. Anayekosea hapa kwa kawaida ameishia kwenye 49 akidhani ni tasa kwa kuwa ni witiri, akapata 4 × 2 × 2 = 16.

#19 Mwanafunzi_Nzega (Nzega)

Kikokotoo cha simu kinatosha kupima? Nagawa tu, nikiona nukta basi.

#20 Kalunde (Tabora)

Kwa namba ndogo kinatosha. Na baki unaipata hivi: 1,927 ÷ 37 = 52.081081. Toa 52, zidisha 0.081081 kwa 37, unapata 2.999997, yaani 3. Baki ni 3.

Tatizo ni kioo kikijaa. Kikokotoo cha mezani cha tarakimu 8 ukigawa 20,000,001 kwa 2 kitaonyesha 10,000,000 bila nukta, maana .5 haina pa kukaa. Utadhani inagawanyika. Kagua kwa kuzidisha kurudi nyuma: 10,000,000 × 2 si 20,000,001.

Kwa namba kubwa zaidi kompyuta hazigawi moja moja. Kuna kipimo cha Fermat: kama n ni tasa ya witiri, basi 2 ikizidishwa yenyewe mara n − 1 na kugawanywa kwa n huacha baki 1. Tupime 91. 2 kipeo cha 12 ni 4,096, na 91 × 45 = 4,095, baki 1. Kipeo tunachotaka ni 90, yaani 12 mara 7 na ziada 6. Kwa hiyo baki ni ile ya 2 kipeo cha 6, ambayo ni 64. Si 1. 91 si tasa, na tumelijua hilo bila kuiona 7 wala 13.

Kinyume chake hakiaminiki. 341 ni 11 × 31, lakini 2 kipeo cha 10 ni 1,024, na 341 × 3 = 1,023, baki 1; 340 ni 10 mara 34, basi baki ni 1 tena. 341 imepita mtihani na si tasa. Ukibadilisha 2 ukaweka 3 inakamatwa. Lakini 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, inapita kwa kila namba utakayoweka isiyo na kigawo cha pamoja nayo. Kwa hiyo programu hutumia kipimo kikali zaidi cha Miller na Rabin. Mwaka 2002 Wahindi watatu wa Kanpur, Agrawal, Kayal na Saxena, walithibitisha kwamba namba yoyote inaweza kupimwa kwa uhakika kamili, bila kubahatisha, kwa muda usiolipuka namba inapokuwa ndefu.

#21 Uvinza_Chumvi (Uvinza)

Kwa hiyo kupima ni rahisi na kutafuta vigawo ni vigumu? Mbona kinyume na akili?

#22 Kalunde (Tabora)

Ndivyo. 91 hapo juu tumeikataa bila kujua vigawo vyake. Kwa namba ya tarakimu 617, ambayo ni urefu wa funguo nyingi za usalama wa intaneti, kompyuta inakwambia haraka kama si tasa. Vigawo vyake viwili, kama vimechaguliwa vizuri, hakuna anayevipata kwa njia zinazojulikana leo. Mwaka 1903 Cole, Mmarekani, alionyesha kwamba 2 kipeo cha 67 ukitoa 1 ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Kwamba si tasa ilikuwa imejulikana tangu 1876, kupitia Lucas. Vigawo ndivyo vilivyochelewa.

#23 Heru_Juu (Kasulu)

Zoezi kwa kijana wa Nzega na wengine, bila kikokotoo. Ipi ni tasa, na isiyo tasa vigawo vyake ni vipi: 1,763, 2,027, 2,491, 3,599, 1,003.

#24 Mwanafunzi_Nzega (Nzega)

1,763: 42 × 42 = 1,764, tofauti 1, basi 41 × 43.
3,599: 60 × 60 toa 1, basi 59 × 61.
2,491: 50 × 50 toa 9, basi 47 × 53.
2,027: 2 mpaka 43 zote zina baki. Tasa.
1,003: kwa Fermat nimeanza 32, 33, 34, 35, 36, haitoki. Tasa?

#25 Isevya_Hesabu (Tabora)

Nne za kwanza sawa kabisa. 1,003 umesimama mapema: kwa Fermat ungefika 38, ambapo 1,444 − 1,003 = 441 = 21 × 21. Lakini ungeanza na tasa ndogo ungeipata mapema. 1,003 ongeza 17 ni 1,020, na 1,020 ni 17 × 60. Kwa hiyo 17 × 59.